Kapteni Amepiga Magoti

Kapteni alipopiga magoti, kibanda umiza kizima cha Zuberi kule Chuno kiliguna kwa pamoja, na mwanamke mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti, "Haa! Huyu kalogwa."

Hakuna aliyemcheka, maana wote walikuwa wameona. Kapteni yule, mwanamke aliyeivusha merikebu yake ya angani katikati ya nyota zinazolipuka, aliyemzaba kofi mfalme wa Ukungu mbele ya askari wake, leo yuko chini sakafuni mbele ya Luteni. Na Luteni mwenyewe yupi? Yuleyule aliyeiuza merikebu kwa adui! Mshenzi yule ambaye Chuno nzima ilikuwa ikisubiri tangu mwaka jana imwone akitupwa nje, akaelee gizani huko mpaka kiama. Kilikuwa kipande cha mwisho kasoro kimoja. Watu walikuja na hasira zao zimeiva, wanataka damu, wakapewa magoti.

Sasa kwa asiyejua mambo ya vibanda vyetu vya kuonyeshea picha, picha zilisema Kiingereza, na Zuberi alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, maikrofoni mdomoni, akiwasemea wote: mwanamume, mwanamke, mtoto, hata mbwa. Hakurekodi. Alisema papo kwa papo, jasho likimtoka, na watu waliacha runinga zao majumbani wakaja kumsikiliza yeye. Basi maikrofoni ikasema, kwa ile sauti nyembamba ambayo Zuberi alimwekea Kapteni:

"Nisamehe, bwana wangu. Mdomo wangu nitaupunguza. Mlete huyo mwenzangu, nitampikia, nitamfulia. Hata jikoni nitalala ukitaka. Ila usinitoe."

"Jikoni?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Merikebu ya angani ina jiko?"

"Na huyo mwenzake ni nani tena? Kapteni kaolewa lini?"

Watu wakaanza kupiga miluzi. Mabenchi yakagongwa. Mzee mmoja, aliyekuwa hakosi hata wiki moja, akasimama akavaa kofia yake akatoka, bila kugeuka nyuma, kama mtu aliyetukanwa ukweni.

Sabra alikuwa benchi la tatu, kajitanda kanga, sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, aliyobakiza kuuza iko mapajani. Maneno yale hayakuwa ya Kapteni, wala hayakuwa ya Zuberi. Yalikuwa yake. Aliyasema yeye, kwa mdomo wake, asubuhi moja, kwenye sakafu ya jiko la Zuberi, alipokuwa bado mke wa Zuberi. Walikuwa wawili tu mle jikoni, na mlango umefungwa.

Na hapa ndipo palipomuuma kuliko kuachwa kwenyewe. Tangu atoke katika nyumba ile, Sabra aliwaambia watu kwamba aliyedai talaka ni yeye. Alisema hivyo sokoni, akasema kwao Mtawanya kwa mama yake, akasema hata kwa watu ambao hawakumuuliza. "Nilimwambia, nipe talaka yangu nipumzike." Watu walimwamini, maana Sabra ana mdomo na anajulikana. Walimheshimu. Wanawake wenye kesi na waume zao walikuja kumnunulia ming'oko ili tu wapate ushauri. Heshima ile ndiyo iliyomwezesha kutembea Chuno kichwa juu, akipita mbele ya kibanda cha Zuberi, akiingia humo na kutazama tamthilia yake kila Jumamosi baada ya alasiri kana kwamba Zuberi ni spika tu ya ukutani.

Walipokuwa wakitoka, mama mmoja akasema, "Hayo siyo maneno ya vitani. Hayo ni maneno ya mwanamke anayeachwa." Mwenzake akaguna, kisha wote wawili wakamtazama Sabra, wakaangalia pembeni haraka. Ni kutazama kidogo tu, lakini Sabra alikuona, na akajua kwamba wiki haitaisha kabla Chuno haijajumlisha moja na moja.

"Zuberi," alisema peke yake njiani, "wallahi umenichokoza."

Tuseme ukweli ulivyo. Kapteni aliyependwa Chuno alipikwa na Sabra. Zuberi Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza bandarini, nusu anasikia, nusu anakisia. Walipokuwa pamoja, kila kipande kipya kilipofika walikitazama kwanza wao wawili nyumbani, Sabra akimenya mihogo. Yeye Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Alitazama nyuso. Aliona Kapteni kakunja uso namna fulani, akasema, "Hapo anamwambia: usione vyaelea, vimeundwa." Zuberi akadaka. Jioni kibanda kikalipuka kwa vicheko, na Zuberi akapigiwa makofi yeye. Ule msemo maarufu, "Mlango ukiufunga wewe, ufunguo ninao mimi," alioutoa Kapteni mwisho wa sizoni ya kwanza, ulishaandikwa nyuma ya bajaji kutoka Chuno mpaka Shangani. Watu walimwita Zuberi fundi wa maneno. Fundi! Nguo kashona mwingine, yeye kazi yake kuivaa.

Sizoni ya pili ilipoanza, Sabra alishaachwa, na nyumbani kwa Zuberi kulikuwa na bibi harusi mpya, Husna, binti mpole kutoka upande wa Msimbati. Kapteni naye akaanza kupoa. Akawa anasema "twendeni" na "haya" na "nimesema." Watu walilalamika kwamba Wazungu wameishiwa, tamthilia imechuja. Zuberi alikuwa anakwangua sufuria tupu. Sasa Jumamosi ile, alipokosa kabisa cha kumtia Kapteni mdomoni, akakumbuka kwamba bado ana maneno ya Sabra ambayo hajayatumia.

Kesho yake Sabra alimngojea Mwalimu Raheli arudi nyumbani kutoka kanisani. Raheli alikuwa mwenyeji wa Njombe, akifundisha Kiingereza sekondari, na alipanga chumba katika ua uleule alioishi Sabra. Tamthilia ile aliitazama peke yake kwenye kompyuta yake, kwa Kiingereza chenyewe, bila Zuberi.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba unisaidie jambo. Nionyeshe pale Kapteni alipopiga magoti."

"Marahaba. Ah, usinikumbushe, Sabra!" Raheli aliweka Biblia mezani kwa kishindo. "Nilikasirika mpaka nikazima nikaenda kufua. Mwaka mzima wananijengea mwanamke wa chuma, halafu mwishoni wanamkunja kama jamvi. Kwa nini? Kwa faida ya nani?"

Akafungua kompyuta. Wakatazama pamoja. Kapteni alikuwa pale chini, macho yamemjaa machozi, mkononi kashika ufunguo wa merikebu. Alisema maneno mafupi sana, akatoa ufunguo, Luteni akapokea, picha ikaisha.

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Nimechoka. Chukua.'"

"Basi?"

"Basi."

"Na jikoni? Na kumpikia mwenzake?"

Raheli akamtazama. "Jikoni wapi? Sabra, kwa Kiingereza huyu mama hana maneno kabisa. 'Ndiyo.' 'Hapana.' 'Washa injini.' Mimi huwa nashangaa nikisikia nyinyi mnavyomsifia kwa mdomo."

"Ule wa mlango na ufunguo je?"

"Haumo. Pale alisema 'Hapana' tu, akakata simu."

Sabra alicheka, ndiyo mara ya kwanza tangu jana yake, lakini kicheko hakikufika mbali. Akasimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Utakuja kusema hivyo mbele ya watu, Mwalimu?"

"Mbele ya watu gani?"

"Nakwenda kumsuta."

Raheli, mtu wa bara, alikuwa ameshaona kusutana mara moja tu, na siku ile alijifungia chumbani akidhani ni vita. Hakufanya makosa sana. Kusutwa si mchezo. Wanawake wanakuja mlangoni kwako kwa ngoma na vigelegele, wamevaa sare, wanakutoa nje, wanakuuliza mbele ya majirani: ulisema, hukusema? Ukishindwa kujibu, utaimbwa wimbo ambao hata wajukuu zako watauimba. Lakini kuna upande wa pili. Anayesuta naye lazima awe na ushahidi. Akikosa, ngoma ileile inageuzwa, na anaimbwa yeye.

Kwa hiyo jioni ileile Sabra alikwenda kwa Bi Somoe, kungwi aliyemtoa unyagoni yeye na nusu ya wanawake wa Chuno, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukoroga uji. Hakuna kusuta bila Bi Somoe.

"Mwanamume?" Bi Somoe aliuliza. "Unataka tumsute mwanamume? Wanaume hawasutwi, mwanangu. Wanapelekwa kwa shehe, au wanasusiwa chakula."

"Bi Somoe, yule kachukua maneno ya chumbani akayatangaza kwa maikrofoni."

Bi Somoe akatia tende mdomoni, akatafuna. "Hapo umesema. Anayetoa ya ndani akayaanika barazani, huyo kajivika kanga mwenyewe. Tutamsuta." Kisha akamkazia macho. "Lakini tunamsuta kwa kosa gani? Ukisema kadanganya picha, atawasha picha, na picha inaonyesha magoti. Mimi pia nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu, nikatukana. Wazungu wametuharibia wenyewe, hilo halina mjadala. Kosa la Zuberi ni maneno. Na kwenye maneno nitamuuliza, ni ya nani? Ataniuliza na mimi, ni ya nani? Nimjibu nini?"

Sabra akaanza kukunja pindo la kanga yake.

"Ni yako," Bi Somoe akasema. "Usinifiche mimi, nimekucheza ngoma."

"Ni yangu."

"Basi utayakiri."

"Ng'o!" Sabra akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nikiri kwamba nilipiga magoti? Nikiri kwamba niliachwa nikilia, mimi? Watu wote hawa niliowaambia! Bora nihamie Newala."

"Hamia. Nauli si nyingi."

"Mwalimu Raheli atasema hayamo kwenye picha. Inatosha."

"Haitoshi, lakini kichwa ni chako." Bi Somoe akatema kokwa. "Ukifika pale ukakwama, mimi sitakushika mkono. Ngoma ikigeuzwa, nitaipiga mwenyewe."

Alhamisi baada ya swala ya alasiri wanawake wakatoka. Walikuwa wengi kuliko alivyotegemea Sabra, maana wengine hawakuja kwa ajili yake hata kidogo. Walikuja kwa uchungu wa Kapteni. Walikuwa wamekasirika tangu Jumamosi na hawakuwa na wa kumkamata. Wazungu wako mbali, Zuberi yuko karibu. Walivaa kanga nyekundu na nyeupe, wakapiga ngoma mbili na debe, wakaimba njia nzima, mpaka bajaji zikasimama kuwapisha. Raheli alikuwa nyuma kabisa kavaa sketi yake ya shule, kashika kompyuta kifuani kama mtoto mchanga.

Zuberi alitoka mlangoni akicheka. Alikuwa mwanamume mzuri, hilo Sabra hakuwahi kulikataa, mrefu, na sauti yake hata akiwa hana maikrofoni ilijaa uani. "Karibuni mama zangu! Nani kaolewa?"

"Tumekuja kukusuta," akasema Bi Somoe.

"Mimi? Na ndevu zangu hizi?" Wanaume waliokuwa wanacheza bao upande wa pili wakaangua kicheko. "Haya nisuteni. Kosa langu nini?"

"Umemdhalilisha Kapteni."

"Mimi nimemdhalilisha! Nilimtengeneza mimi? Nendeni Ulaya mkawasute waliomtengeneza!" Kicheko tena, na sasa hata wanawake wengine wakacheka. Zuberi akaona kapata upepo, akaivuta runinga mlangoni, akawasha. Kapteni huyo, magotini. "Tazameni. Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu. Kapiga magoti, hakupiga?"

"Kapiga," akasema Raheli.

"Ufunguo katoa, hakutoa?"

"Katoa. Lakini maneno uliyomsemesha hayamo. Kasema kachoka tu. Hakuna jiko wala mwenzake."

"Mwalimu wangu, mtafsiri asipotia chumvi mtakula nini? Mwaka mzima natia chumvi, mnanishangilia. Leo chumvi imewaingia kwenye kidonda, mnakuja na madebe." Akageuka, akamtafuta Sabra kwa macho mpaka akampata. Akatabasamu. Alijua kila kitu ambacho Sabra alikuwa amewaambia watu, na alijua Sabra hawezi kukirudisha. "Jiko nimelitoa kichwani mwangu. Kama kuna mtu hapa anasema maneno yale ni yake, ajitokeze aseme, nami nitamwomba radhi hapahapa. Yupo?"

Zuberi akangoja, kama anavyofanya kibandani kabla mtu hajapigwa risasi.

"Hayupo," akasema. "Basi geuzeni ngoma, mumwimbe aliyewaleta."

Bi Somoe alishika fimbo ya ngoma, akamtazama Sabra, na mkono wake ukaanza kuinuka, maana alishaapa.

Sabra alihisi miguu inataka kwenda Newala yenyewe. Lakini alipomtazama Zuberi usoni, akaona lile tabasamu, chuki ikampanda, chuki safi, isiyo na aibu ndani yake, na ikamsukuma mbele ya wenzake mpaka akasimama peke yake katikati ya ua.

"Nipo," akasema. "Ni yangu."

"Ni yako nini?"

"Maneno. Jikoni kwako humo. Niliyasema mimi." Akawageukia watu. "Nimewadanganya, jamani. Sikudai talaka. Niliachwa. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya jiko, nikamshika miguu. Nikamwambia nitapunguza mdomo. Nikamwambia amlete mwenzangu nitampikia, nitamfulia, nitalala jikoni, ila asinitoe. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno, kama mlivyosikia Jumamosi. Aibu yangu mmeijua, ichukueni, mle nayo wali."

Mama mmoja akajifuta macho. Wacheza bao wakaacha kete. Zuberi naye alishafungua mdomo, maana radhi aliyoiahidi haikuwa imemgharimu kitu: mwanamke kajivua nguo mwenyewe, yeye kabaki na zake.

"Haya," akasema kwa upole wa kuigiza, "nakuomba ra..."

"Bado," Sabra akamkata. "Sijamaliza. Waambie ulinijibu nini."

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, uso wa Zuberi ukabadilika.

"Sabra, hayo ya ndani..."

"Ya ndani ulishayatoa nje wewe. Hutaki kusema? Nitawaambia mimi. Niko chini, machozi na makamasi, nimemshika miguu. Yeye kasimama, kanisikiliza mpaka mwisho. Nikasema labda kanihurumia. Akaniambia hivi: 'Sawa, nimesikia, lakini mzigo ufunge. Ila kabla hujaenda, huyu Kapteni jioni amjibu vipi mfalme wa Ukungu?'"

Mtu akacheka kwa mshtuko, akajiziba mdomo.

"Wallahi tena! Talaka iko kichwani kwangu, haijapoa, ananiuliza Kapteni jioni amjibu vipi! Na mimi, mjinga, nikadhani nikimjibu vizuri ataniacha nibaki. Nikiwa palepale chini nikamwambia, aseme hivi: 'Mlango ukiufunga wewe, ufunguo ninao mimi.' Akasema, 'Hilo zuri.' Akaenda kuoga."

Sasa watu hawakucheka. Ule msemo kila mmoja aliujua. Walishausema kwa waume zao, kwa wenye nyumba, kwa mabosi. Dereva wa bajaji aliyesimama kutazama aligeuka akatazama nyuma ya bajaji yake mwenyewe, ulipoandikwa kwa rangi ya njano.

"Kwa hiyo Kapteni..." akaanza mama wa benchi la mbele.

"Kapteni hana maneno," akasema Raheli kwa sauti yake ya darasani. "Nimewaambia. Anasema 'hapana' tu."

Wanawake wakamtazama Sabra, wakamtazama Zuberi, na hesabu ikajipiga yenyewe vichwani mwao: kwa nini sizoni ya kwanza ilichoma, kwa nini ya pili imepoa. Mwaka mzima walimpigia makofi mtu asiyestahili. Hasira waliyokuja nayo kwa ajili ya Kapteni haikuhitaji tena kutafuta pa kwenda.

Husna alikuwa kasimama mlangoni nyuma ya mumewe, kajifunika kanga, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Alisema taratibu, lakini wote walisikia: "Na mimi siku ukiniacha, utaniuliza nini?"

Zuberi, fundi wa maneno, akainama kuzima runinga.

Bi Somoe alishusha fimbo juu ya ngoma. Hakuigeuza. Alianza polepole, kwa sauti ile ya kukoroga uji, "Zuberi eee, jioni amjibu vipi?" na wanawake wakapokea, "Amjibu vipi? Amjibu vipi?" na debe likaingia, na vigelegele, na wacheza bao wakapokea nao, mijitu mizima, ikipiga makofi. Walimwimba mpaka adhana ya magharibi. Zuberi alijaribu kuingia ndani, akakuta Husna kafunga mlango.

Baada ya hapo hakuwa na pa kuficha uso. Akipita sokoni, muuza dagaa anamuuliza, "Kaka, jioni amjibu vipi?" Akienda Shangani kupunga upepo, watoto wanaimba. Kuna waliosema Sabra naye kajiaibisha, kwamba mwanamke kusema hadharani kapiga magoti ni kujishusha. Walisema hivyo mara moja tu, hawakurudia. Wengine walimnunulia ming'oko kuliko zamani, na sasa hawakuja kutaka ushauri wa kudai talaka. Walikuja kumsimulia magoti yao wenyewe, ambayo hawakuwahi kumwambia mtu. Usiku alilala usingizi. Lakini msifikiri moyo ulikuwa umepoa. Moyo ulitaka kipande cha mwisho.

Jumamosi kibanda kilifurika hadi nje. Si kwamba walimsamehe Zuberi, wala waliotengeneza tamthilia. Walitaka tu kujua kama Kapteni atainuka. Sabra aliingia, wakampisha benchi la mbele, katikati. Zuberi alikaa kwenye kiti chake cha plastiki bila kumtazama mtu, akawasha picha, akashika maikrofoni.

Kapteni akatokea, kafungwa pingu, Luteni mbele yake. Akafungua mdomo. Zuberi naye akafungua wake.

"Jioni amjibu vipi?" mtu akauliza kutoka gizani.

Kibanda kikalipuka. Zuberi akangoja kicheko kiishe, akaanza tena, "Kapteni anasema..." na kabla hajafika kokote mabenchi yote yakaitikia, "Amjibu vipi?" Mara ya tatu hakumaliza hata jina. Maikrofoni ikapiga ule mlio wa kuchoma masikio. Akaizima.

Picha ikaendelea yenyewe kwa Kiingereza. Kapteni alisema jambo. Luteni akasema jambo. Kulikuwa na moshi, na taa nyekundu, na mtu aliyekimbia korido ndefu. Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyetoka.

Ndipo Zuberi akaja. Aliinama akipita mbele ya watu, wakamfokea kwamba anawaziba, akachuchumaa kando ya Sabra na kumnyooshea maikrofoni kwa mikono miwili. "Sabra," akanong'ona, na ile sauti iliyokuwa ikijaza ua sasa haikutosha hata kujaza sikio. "Nakuomba. Kwa Mungu. Niambie tu huyu mama aseme nini."

Sabra alimenya kipande cha ming'oko, akakichovya kwenye pilipili, akakitia mdomoni, akatafuna bila haraka, macho kwenye picha. Zuberi akabaki amechuchumaa, mikono mbele, mpaka picha ikaisha. Sabra hakuelewa neno hata moja, na hakuwahi kufurahia kipande kama kile.